Sindano, Makaa na Lava: Namna ya Kupima Mgeuko wa Ncha za Sumaku ya Dunia

Watu wengi wamesikia kwamba ncha mbili za sumaku ya dunia zaweza kubadilishana mahali, ya kaskazini kuwa kusini, na ya kusini kuwa kaskazini. Wengine wanaogopa kwamba siku hiyo dunia yenyewe itapinduka. Katekista akiulizwa neno hilo na wakristu wake, haifai ajibu kwa kubuni. Basi tutazame: mgeuko huo unajulikana namna gani, na ni sehemu gani tunayoweza kuipima sisi wenyewe hapa Bukavu?

Kwanza tufahamu maana. Si dunia inayopinduka. Milima na maziwa hubaki mahali pao. Kinachogeuka ni nguvu ya sumaku tu, ile inayovuta sindano ya dira. Nguvu hiyo yatoka katika chuma kilichoyeyuka, kinachotembea chini yetu kupita kilometa 2,900.

Kwa jaribio letu tutafute sindano tatu za kushonea, sumaku ya spika ya radio iliyokufa, mbabula yenye makaa, koleo, kigae cha chungu, majani makavu, na beseni ya plastiki yenye maji.

Kwanza, tuzitie sindano zote tatu katika makaa, tupepee mpaka ziwe nyekundu. Kisha tuziache zipoe mbali na sumaku, zikilala toka mashariki hadi magharibi. Tuweke kila moja juu ya jani, ielee majini. Haitachagua upande kwa nguvu, kwa maana chuma kikipita digrii 770 hivi za joto hupoteza usumaku wake.

Pili, tusimamishe sumaku mwisho wa kigae. Sindano ya kwanza tuipashe tena, tuilaze juu ya kigae ncha yake ikielekea sumaku, tuikandamize kwa kijiwe, ipoe hapo hapo. Ya pili tuifanye vilevile, lakini tugeuze sumaku kusudi uso wake wa nyuma uwe mbele. Ya tatu tuilaze mahali pale pale kwa muda ule ule, ila baridi, bila kuipasha.

Tatu, tupeleke sumaku mbali, tuzieleshe sindano moja moja. Ncha ya sindano moja itaelekea kaskazini, ncha ya nyingine kusini. Sindano baridi ndiyo shahidi wetu: nayo ikiwa imeshika upande kwa nguvu, sumaku ilikuwa karibu mno. Tuisogeze mbali, turudie kazi yote, mpaka ile baridi isishike kitu na zile zilizopashwa moto zishike. Hapo tu twaweza kusema kwamba ni kupoa kulikozipa upande wao.

Lava hufanya vivyo hivyo. Ndani yake mna punje za madini ya chuma yaitwayo magnetiti. Zikishuka chini ya digrii 580 hivi, hushika upande wa sumaku ya dunia wa siku ile, na kuushika hata miaka mamilioni. Lava ya Nyiragongo iliyoingia Goma tarehe 17 Januari 2002 ilipoa chini ya sumaku ya siku hizi, nayo itaishuhudia.

Lakini sindano zetu zinaonyesha tu namna jiwe linavyokumbuka. Hazionyeshi kwamba dunia iligeuka kweli. Kwa hilo yatakiwa mawe. Mwaka 1906 mwalimu Mfaransa Bernard Brunhes alitangaza kwamba lava ya Pontfarein, katika Ufaransa, ilielekea kinyume cha dira. Mtu angeweza kusema ni kasoro ya jiwe lile. Lakini udongo wa chini, uliochomwa na lava hiyo kama tofali katika tanuru, ulielekea kinyume vilevile. Mashahidi wawili wa namna mbili walipatana. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama alionyesha kwamba mawe kama hayo ni ya zamani moja.

Afrika yetu nayo ina shahidi. Katika bonde la Olduvai, kaskazini ya Tanzania, Grommé na Hay walipima lava na kutangaza mwaka 1963 kwamba inaelekea kama dira ya leo, ingawa ni ya katikati ya zamani ndefu ya kinyume. Kipindi hicho, cha karibu miaka 1,900,000 iliyopita, wataalamu wa dunia yote wanakiita Olduvai.

Mgeuko mkubwa wa mwisho ulipita miaka 780,000 hivi iliyopita, nao ulichukua maelfu ya miaka, si siku moja. Katika bonde lile lile vyombo vya mawe vya watu wa kale vimeonekana katika tabaka za mbele ya mgeuko huo na za nyuma yake. Kumbe watu waliupita wakaishi. Hata hivyo si neno la kudharau: wakati wa mgeuko sumaku hudhoofika, nayo ndiyo ngao yetu mbele ya chembe zitokazo juani. Leo mitambo ya angani na nyaya za umeme zingeweza kupata hasara.

Mawe meusi ya Bukavu ni lava pia, ya miaka mamilioni. Anayetaka kuyauliza, asiokote jiwe la njiani, kwa maana limekwisha kubingirika, na upande wake hauna maana tena. Atafute mwamba usiotikisika, autie alama ya kaskazini mbele ya kuukata, ndipo aupeleke kwa wenye vipimo.