Mama Aliyedhaniwa Mtoto

Asubuhi moja katika soko kuu la Butembo, saa ambayo malori na pikipiki zilizopanda mlima kutoka Kyavinyonge, kando ya ziwa, huwa zimekwisha kushusha mizigo, nilisimama mbele ya karai la mama mmoja muuza samaki. Na ilhali macho ya wateja wote yalikuwa yakikimbilia tilapia wanene waliopangwa juu kwa heshima yao, mimi nilivutwa na fungu la samaki wadogo lililosukumwa pembeni, kila mmoja urefu wa kidole, rangi zao zimekwisha kufifia zikawa za majivu. Nikamwuliza ni samaki gani hao. Akanijibu pasi na kuinua kichwa, "Ni batoto ba samaki tu, papa." Nikamwokota mmoja, nikambonyeza taya taratibu kwa kidole gumba, na kinywa kilipofunguka yakatokeza mayai, mviringo, manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, yamejaa hata kooni. Mama yule akaacha kupanga bidhaa zake, akainama kutazama. Mtoto hatamii mayai. Huyo niliyemshika alikuwa mama mzima, wa kabila lake mwenyewe, aliyekufa akiwa amewafumba wanawe kinywani kwa namna ambayo Mola amewajaalia wa jamii yake kulea.

Samaki hawa, wakazi wa pwani za Ziwa Viktoria upande wa Tanzania huwaita furu, nami nitaliazima jina hilo, maana ni fupi na latamkika kwa urahisi. Maulamaa wa elimu ya viumbe wamewaweka katika jenasi iitwayo Haplochromis. Ni jamaa wa tilapia, na undugu wao huonekana na yeyote atakayewatazama kwa makini: kila upande wa pua pana tundu moja tu, ambapo samaki wengi wengineo wana mawili, na ule mstari wa ubavuni, ambao kwa huo samaki huhisi mtikisiko wa maji, umekatika vipande viwili, kimoja kimepita juu kuanzia kichwani, cha pili kimeanza upya chini kidogo kuelekea mkiani. Dume aliyekomaa huwa na madoa ya duara katika pezi la chini, nyuma ya tumbo, mfano wa mayai yaliyochorwa kwa wino wa machungwa. Mtu akitaka kuyaona hayo hahitaji chombo chochote ila mwanga na subira.

Ziwa watokalo ndilo Ziwa Eduardi, ambalo lina zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na ambalo zaidi ya theluthi mbili zake zimo katika Kongo na sehemu iliyobaki Uganda. Upande wa mashariki limeungana na Ziwa George kwa mfereji wa Kazinga. Upande wa kaskazini, pale Ishango katika eneo la Beni, maji hutoka kwa mto Semliki, yakateremka katika maporomoko na misitu hadi Ziwa Alberti, na toka hapo yakaitwa Nile. Maporomoko hayo yamekuwa kama mlango uliofungwa. Sangara, samaki mkubwa mla samaki, ambaye ni mwenyeji wa Ziwa Alberti tangu kale, hayumo katika Ziwa Eduardi, na furu wa ziwa hili, kwa kukaa kwao faraghani, wamezidi kutofautiana wao kwa wao hata wakawa makumi ya makabila, yaani spishi, ambayo aghalabu hayapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa humo na katika Ziwa George.

Hapa sina budi kueleza maana ya maneno "spishi mpya", yatumikayo kwa baadhi yao, kwa kuwa humpotosha msikilizaji. Samaki mwenyewe si mpya hata kidogo. Pale Ishango, Jean de Heinzelin alipochimba mwaka 1950, alikuta vyusa vya mifupa vya wavuvi walioishi kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, pamoja na ule mfupa mashuhuri wenye mikato iliyopangwa makundi makundi. Kwa hiyo watu wamekuwa wakila samaki wa maji haya tangu zama ambazo hakuna ajuaye lugha yao. Kilicho kipya ni ushahidi: kwamba mtu ameketi, amelinganisha, amethibitisha kwa hoja ambazo mwingine aweza kuzikagua, ya kuwa hawa na wale si wamoja, kisha akawapa jina mbele ya walimwengu.

Katika furu wa Ziwa Eduardi walao samaki wenzao, kwa muda mrefu walitambuliwa wawili tu. Mmoja wao, Haplochromis squamipinnis, aliandikwa na Regan wa makumbusho ya London mwaka 1921, na jina lake maana yake ni mwenye magamba mapezini. Wataalamu wengine walifuata: Ethelwynn Trewavas aliwachambua samaki walioletwa na msafara wa Cambridge wa mwaka 1930 na 1931, naye Mbelgiji Hubert Damas akavua katika ziwa mwaka 1935 na 1936, na samaki wake wakaelezwa na Max Poll mwaka 1939. Chupa zikajaa rafuni. Walakini kila furu mwenye taya refu na meno makali alizidi kutiwa katika mojawapo ya majina yale mawili, kama vile mama wa Butembo alivyowatia wote katika fungu moja. Hata ilipofika mwaka 2022, Nathan Vranken na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Leuven na Makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, wakatangaza katika European Journal of Taxonomy kwamba wale wawili ni kumi na wawili. Kumi kwa mara moja!

Ningependa kueleza jinsi kazi ya namna hiyo itendekavyo, kwa sababu watu wengi hudhani ni kazi ya mashine, nayo hasa ni kazi ya jicho. Samaki hupigwa picha angali mbichi, maana rangi za dume hazidumu. Akishatiwa fomalini kisha spiriti, nyekundu na samawati hutoweka, kikabaki kiwiliwili cha rangi ya udongo. Baada ya hapo hulazwa mezani, na kwa chombo chenye midomo miwili, mfano wa koleo, hupimwa urefu wa kichwa, upana wa jicho, kina cha shavu, urefu wa taya la chini, nafasi iliyo baina ya macho, unene wa shina la mkia. Huhesabiwa miiba ya pezi la mgongoni, magamba ya mstari wa ubavuni, vijino vilivyo katika upinde wa kwanza wa matamvua. Hufunguliwa kinywa, yakatazamwa meno: je, ncha ni moja au mbili, zimenyooka au zimepinda kuelekea ndani? Tena kooni mna taya la pili, ambalo furu hulitumia kusagia au kurarulia kile alichokikamata kwa taya la mbele, na umbo lake hufichua chakula chake kama vile mikono ya fundi inavyofichua kazi yake.

Shida kubwa haimo katika kupima bali katika kujua ni nani alinganishwe na nani. Samaki mchanga ana jicho kubwa kwa kulinganisha na kichwa, na kadiri akuavyo taya humrefuka. Dume na jike hutofautiana rangi. Aliyeshiba na mwenye njaa hutofautiana tumbo. Asiyejihadhari aweza kuwafanya baba, mama na mtoto kuwa makabila matatu, au, kwa kosa la upande wa pili, kuwachukua wageni watatu akawaita ndugu. Ndiyo sababu mtaalamu hukusanya samaki wengi, wadogo kwa wakubwa, akatafuta hitilafu isiyofutwa na umri wala jinsia. Na pale anapoona vikundi viwili vimetengana katika sifa kadhaa kwa pamoja, pasi na wa katikati wa kuviunganisha, ndipo hupata ujasiri wa kusema kuwa ni spishi mbili. Kisha huteua samaki mmoja awe shahidi wa jina, ambaye huhifadhiwa katika makumbusho kwa vizazi na vizazi, ili yeyote atakayetia shaka aende akamtazame.

Majina hutungwa kwa utaratibu wa maneno mawili uliowekwa na Linnaeus wa Sweden katika karne ya kumi na nane. Miongoni mwa wale kumi yumo rex, yaani mfalme. Aquila, yaani tai. Pardus, ambaye ni chui. Na falcatus, aliye kama mundu. Lakini moyo wangu ulifurahi nilipofikia majina mawili yasiyohitaji kamusi ya Kilatini: Haplochromis simba na Haplochromis kimondo. Kimondo, ile nyota ikimbiayo mbinguni usiku, ambayo wazee wa pwani walitufundisha kuwa ni mwali arushiwao shetani anapokwenda kudukiza! Leo mwanafunzi wa Tokyo au wa São Paulo akitaka kumtaja samaki huyo hana njia ila kutamka neno la Kiswahili, na hilo nililihesabu kuwa ni heshima kubwa kwa lugha yetu.

Wakati mwingine kutofautisha hufunua si umbo tu bali na tabia. Miaka michache kabla, mwaka 2019, Vranken na wenzake walikuwa wameandika habari za furu wezi wa watoto. Kwa kuwa jike hulea mayai na vitoto kinywani, wamezuka wengine wanaoishi kwa kumpora: wana midomo minene na kinywa kipana, na meno yao yamezama ndani ya nyama, basi humkumba mama au humbana pua mpaka ateme alichokificha. Ilidhaniwa zamani kwamba wenye tabia hiyo katika Ziwa Eduardi ni wa spishi moja tu, Haplochromis taurinus, aliyetajwa na Trewavas mwaka 1933. Wakaonekana ni watano, na mmoja wa wale wapya akapewa jina gracilifur, mwizi mwembamba. Nilipoyasoma hayo nikamkumbuka yule samaki mama wa karaini, aliyeponyoka wezi watano asiponyoke wavu.

Msomaji huenda akauliza kwa nini lisitumiwe tu jaribio la vinasaba, ambalo siku hizi hutambulisha hata nyama iliyokwisha kupikwa. Jawabu ni kwamba furu hawa wameachana juzi tu kwa hesabu ya dunia, na kile kipande kifupi cha vinasaba kinachotumiwa kwa kawaida kutambulisha viumbe hufanana mno baina yao. Macho huona wawili pale ambapo kipande hicho huona mmoja. Hata hivyo vinasaba vyao vyote kwa jumla vimetoa siri nyingine, ambayo kwetu sisi wa milima hii ina ladha ya pekee. Mwaka 2017 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walionyesha kwamba furu wote wa eneo la Viktoria, Eduardi, Kivu na Alberti, ambao hukadiriwa kuwa spishi 700, walitokana na mchanganyiko wa kale, kiasi cha miaka 150,000 iliyopita, wa koo mbili: moja ya mito ya Kongo, nyingine ya Nile ya juu. Nasi tumejenga katika mgongo uleule uyagawao maji hayo. Mvua ikinyesha Beni na Lubero, inayoteremkia mashariki huenda Semliki na hatimaye Misri, na inayoteremkia magharibi hupita misituni kuelekea mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Na katika mwili wa samaki wa kidole kimoja mito hiyo miwili imekutana.

Kuna hofu inayonifanya niyasisitize mambo haya. Katika Ziwa Viktoria sangara alitiwa katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wametoweka kwa wingi wa kutisha, yakadiriwa spishi mia mbili, ambazo baadhi yake zilikuwa hazijapata hata jina; haziwezi kuombolezwa kwa jina lolote. Ziwa Eduardi limesalimika na msiba huo, bali lina misiba yake. Viboko wa Hifadhi ya Virunga, ambao samadi yao ilikuwa chakula cha maji, walikuwa karibu 30,000 katika miaka ya 1970, na ilipofika mwaka 2005 hawakufikia elfu moja. Nyavu za matundu madogo huzoa wachanga na wazazi pamoja. Na tangu mwaka 2014 damu ya raia imemwagika Beni kiasi ambacho mtu huona haya kuzungumzia samaki. Nami ningeliona haya, lau nisingejua kwamba wanaokula furu hao ni walewale waliokimbia mashamba yao, na kwamba fungu la pembeni ndilo mboga ya asiyeweza kununua tilapia.

Tamaa yangu ni kwamba mashahidi wa majina wa siku zijazo wasisafiri wote kwenda Ulaya. Butembo ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, na neno graben lenyewe ni jina la bonde lile la ufa ambamo ziwa limelala. Ina vijana wanaojua njia za Kyavinyonge na Vitshumbi, wanaosemezana na wavuvi kwa Kinande na Kiswahili pasi na mkalimani. Chumba kimoja chenye rafu, chupa, spiriti na daftari lenye kuandikwa kwa uaminifu tarehe na mahali kingetosha kwa kuanzia.

Juma lililofuata nilirudi kwa mama yule, nikiwa na lenzi ya mkononi. Akanitambua. Safari hii hakuwa amewarundika wale wadogo. Alikuwa amewagawa mwenyewe juu ya jani la mgomba, wenye taya refu huku, wenye mdomo mfupi kule, na kando peke yake dume mmoja ambaye madoa yake ya machungwa yalikuwa hayajafifia. "Papa," akaniambia, akimsogeza yule dume kwangu kwa ncha ya kisu, "huyu hafanane na benzake."