Fahamu: Nani anapaswa kuchagua msaada wa kampuni?

Picha tumeizoea: meneja wa tawi na mkuu wa wilaya wameshika mfano wa hundi mkubwa kama mlango, nyuma yao wafanyakazi wenye fulana mpya, na madawati bado yananuka vanishi. Benki za NMB na CRDB hutenga 1% ya faida baada ya kodi kwa shughuli za aina hii. Si vibaya, mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni amepata pa kuandikia. Lakini manufaa ya msaada hutegemea zaidi aliyeuchagua kuliko kiasi chake. Dawati hukabidhiwa kwa shangwe; fundi wa kulikarabati miaka mitatu baadaye hana wa kumpigia picha.

Sheria ya Madini ya Tanzania, iliyorekebishwa mwaka 2017, ilijaribu kutibu tatizo hilo la nani achague: mwenye leseni huandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, nao sharti ukubaliwe na halmashauri. Wapo wanaosema hapo hisani imegeuzwa kodi. Sioni hivyo, kwani mashimo na vumbi hubaki kwa wanakijiji, si kwa wanahisa. Pingamizi lenye uzito ni jingine: halmashauri nayo hupenda majengo ya kuzinduliwa. Ndiyo maana mpango ungepaswa kupita kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Na kujitolea kwa wafanyakazi wa kampuni je? Mhasibu akipaka rangi ukuta Jumamosi, amefanya kazi ambayo kijana wa mtaani angeifanya kwa ujira, tena vizuri zaidi. Akiketi na kina mama wa vikoba kuwafundisha kufunga hesabu, ameleta kitu kilichokuwa hakipatikani pale.