Kutoka Faili hadi Kitabu: Viwango vya PDF katika Uchapishaji wa Lhukonzo, Kasese na Bwera

1. Utangulizi

Tangu mwaka 2007, mtaala wa Uganda umeelekeza lugha za wenyeji zitumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Kasese na Bwera, lugha inayohusika zaidi ni Lhukonzo, ambayo jamaa yake wa karibu, Kinande, huzungumzwa ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo. Sera hiyo haitekelezeki bila vitabu, na usahihi wa kitabu hutegemea faili linalomfikia mpiga chapa.

2. Masharti ya faili

Si kila PDF hufaa kuchapwa. Kiwango cha uchapaji ni PDF/X, kilichofafanuliwa katika mfululizo wa ISO 15930. PDF/A, inayotolewa na programu nyingi za ofisi, imekusudiwa kuhifadhi nyaraka.

Kwanza, fonti zote zipachikwe ndani ya faili. Tahajia ya kawaida ya Lhukonzo, yenye herufi pacha kama *lh*, hutumia herufi za Kirumi zilizozoeleka, hivyo kasoro hii haionekani upesi. Hudhihirika katika sarufi na kamusi zinazoonyesha toni: fonti isipopachikwa, nyingine huchukua nafasi yake, na alama za toni huweza kupotea au kugeuka visanduku vitupu.

Pili, matini yachapwe kwa wino mweusi pekee. Weusi ukiundwa kwa wino za rangi nne, karatasi ikisogea kidogo mashinini, alama ndogo juu ya irabu hufifia na kuchanganyika.

Tatu, picha ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wake wa mwisho, na rangi inayofika ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3.

3. Athari kwa sera

Ukaguzi wa PDF/X huthibitisha fonti na rangi, hauthibitishi tahajia. Kwa hiyo mikataba ya uchapishaji haina budi kutaja kiwango kinachotakiwa, PDF/X-1a au PDF/X-4, na kutenga fedha za kuchapa kurasa za sampuli zitakazosomwa na wajuzi wa Lhukonzo. Gharama ya programu si kikwazo, kwani Scribus hutolewa bure. Kosa likinaswa kwenye sampuli, hupotea karatasi chache. Likinaswa darasani, mtoto ameshalisoma kama lugha yake.