Ni programu ipi inayolinda kompyuta ya nyumbani?

Mwezi Julai mwaka 2003 wateja kadhaa wa benki ya Absa nchini Afrika Kusini waligundua kuwa fedha zao zimetoweka. Hasara ilizidi randi 500,000. Benki hiyo, yenye makao makuu mjini Johannesburg, ilieleza kwamba mitambo yake haikuingiliwa. Zilizoingiliwa zilikuwa kompyuta za wateja, majumbani mwao.

Mwizi alitumia programu iitwayo eBlaster, iliyowafikia wateja kwa njia ya barua pepe. Programu hiyo hunakili kila herufi inayobonyezwa kwenye kibodi, yakiwemo maneno ya siri, kisha hupeleka taarifa kwa aliyeituma.

Hata hivyo, eBlaster haikuwa virusi. Ilikuwa bidhaa iliyouzwa waziwazi kwa watu waliotaka kufuatilia matumizi ya kompyuta zao. Kwa sababu hiyo, programu iliyoundwa kusaka virusi pekee ingeweza kuiacha ipite bila kutoa onyo lolote.

Kinga za aina tatu

Anayelinganisha programu za ulinzi anapaswa kwanza kuuliza kila moja inazuia nini. Programu ya kukinga virusi huchunguza mafaili na kuyalinganisha na orodha ya virusi vinavyojulikana. Programu ya kusaka majasusi hutafuta zile zinazonakili siri za mtumiaji. Aina ya tatu ni kizuizi cha mtandao, ambacho hukagua kinachoingia na kinachotoka katika kompyuta.

Zamani kila kinga ilinunuliwa peke yake. Siku hizi zote tatu hupatikana pamoja, na tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka 2012, kampuni ya Microsoft imekuwa ikiziweka ndani ya mfumo wenyewe bila malipo ya ziada.

Wanaolipia programu za makampuni mengine mara nyingi hupata nyongeza, kama vile udhibiti wa matumizi ya watoto, hifadhi ya maneno ya siri, na leseni moja kwa kompyuta na simu kadhaa. Asiyehitaji nyongeza hizo hana sababu kubwa ya kulipa. Wataalamu pia hawashauri kuwasha programu mbili za kukinga virusi kwa wakati mmoja, kwani hukwaruzana na kuifanya kompyuta iwe nzito.

Nani apime?

Matangazo ya wauzaji hayatoshi. Taasisi ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na ile ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima programu hizo na kutangaza matokeo. Hutazama uwezo wa kuzuia hatari, kiasi ambacho programu hupunguza kasi ya kompyuta, na mara ngapi hutoa onyo la uongo. Kwa kuwa matokeo hubadilika, inafaa kusoma ya vipindi kadhaa mfululizo.

Lipo pia suala la gharama ya intaneti. Orodha ya virusi lazima isasishwe mara kwa mara, na katika mitaa kama Yeoville mjini Johannesburg, wanakoishi Wakongo wengi, anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu huweza kushawishika kuzima masasisho. Programu isiyosasishwa haitambui hatari mpya, hata kama ilinunuliwa kwa bei kubwa. Mfumo wa kompyuta nao ni vivyo hivyo: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Mpaka wa kinga

Hakuna programu inayoweza kumzuia mwenye akaunti kumtajia tapeli neno lake la siri kwa simu. Wala hakuna iwezayo kuzuia wezi kuihamishia namba yake ya simu kwenye kadi nyingine, mbinu ambayo imewaibia wengi nchini Afrika Kusini.

Kwa hiyo programu ni sehemu moja tu ya ulinzi. Inashauriwa kuandika anwani ya benki mwenyewe badala ya kufuata kiungo cha barua pepe, kutofungua viambatanisho visivyotarajiwa, na kutofanya shughuli za benki kwenye kompyuta ya umma. Anayeshuku kuwa ameibiwa aipigie benki yake mara moja, kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali, kisha abadilishe neno lake la siri kwa kutumia kompyuta nyingine.