Fedha pekee haziwaokoi waliopanda daraja

KLABU inayopanda Ligi Kuu ya England hukabiliwa na swali zito: imwage fedha katika usajili au ijibane?

Mwaka 2018, Fulham ilitumia zaidi ya pauni milioni 100 kusajili wachezaji. Hata hivyo, kikosi kipya hakikupata muda wa kuzoeana, makocha watatu walipokezana benchi, na timu ikashuka ikiwa ya 19 kwa pointi 26.

Norwich City ilipita njia tofauti mwaka 2019. Ilisajili kwa tahadhari kubwa, ikashika mkia kwa pointi 21.

Nottingham Forest ilisajili wachezaji zaidi ya 20 msimu wa 2022/23, ikanusurika katika nafasi ya 16. Lakini Machi 2024 ilipokwa pointi 4 kwa kuvuka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa.

Kwa hiyo, la msingi ni kuimarisha nafasi zilizo dhaifu bila kuvuruga kikosi kilichopandisha timu. Aidha, mikataba haina budi kuruhusu mishahara ipunguzwe timu ikishuka, kwani mapato ya televisheni katika daraja la chini ni madogo mno kuweza kubeba mzigo huo.