Nyumba ya urithi katikati ya mji: Usiiuze kwa pupa

MKULIMA wa Ufipa anajua kwamba kuuza mahindi yakiwa bado shambani ni kujipunja. Lakini mkulima huyo huyo anaweza kuuza nyumba ya urithi iliyoko katikati ya mji wa Sumbawanga kwa siku moja, na asipate tena kiwanja mahali pale.

Barabara ya lami ya zaidi ya kilomita 220 kutoka Tunduma, iliyojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia (MCC) la Marekani, imeufungua mji. Saruji na bati havisubiri tena matope yakauke, na wafanyabiashara wanatafuta viwanja vilivyo karibu na soko na stendi.

Wenye viwanja hivyo wengi ni familia za kawaida zenye nyumba za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani. Matajiri wanaonunua hawaitaki nyumba, wanautaka udongo uliopo chini yake.

Kilichotokea Kariakoo, Dar es Salaam, ni somo. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na watu binafsi wakaogopa kujenga. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, hofu ilipungua, na nyumba za vyumba sita zikaanza kubomolewa kupisha maghorofa yenye maduka chini na makazi juu.

Wapo waliouza, wakahamia pembezoni, na fedha zikaisha. Wengine waliingia ubia: mwenye kiwanja alitoa ardhi, mwekezaji akatoa mtaji, kisha wakagawana jengo. Hao walibaki mjini wakikusanya kodi.

Sheria inaruhusu. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inawezesha watu mbalimbali kumiliki sehemu zao katika jengo moja, kila mmoja na hati yake. Ngazi, paa na mifereji hubaki mali ya wote.

Hata hivyo, ubia si wa kupeana mikono barazani. Kabla ya kusaini, hakikisha yafuatayo:

Kwanza, hati iwe na jina sahihi. Kama mwenye nyumba ni marehemu, mirathi ifunguliwe mahakamani na warithi wote washirikishwe. Kwa nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi.

Pili, mkataba utaje ghorofa zako. Ukipewa za juu pekee umepunjwa, maana maduka ya chini ndiyo yenye kodi kubwa.

Tatu, uandikwe nani analipa kodi ya mahali mtakapoishi wakati wa ujenzi, jengo litakamilika lini, na kama mwekezaji anaruhusiwa kuweka hati yako rehani benki.

Nne, dai kibali cha ujenzi cha manispaa na mkandarasi aliyesajiliwa. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 25.

Gharama ya wakili ni ndogo ukilinganisha na kiwanja. Mahindi yakiuzwa kwa hasara, msimu mwingine upo. Kiwanja cha mjini hakina msimu wa pili.