Bei ya Klachi Haiishii Dukani

Semi iliyopakia bandarini Dar es Salaam ikielekea Tunduma hukutana na mtihani wake wa kweli baada ya Ruaha Mbuyuni. Hapo barabara huanza kupanda Kitonga, kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, hadi itokeze juu, upande wa Ilula. Injini ikielemewa huonya: mshale wa joto unapanda, dereva anaegesha na kusubiri. Klachi kwenye malori mengi haina geji. Giaboksi na difu nazo huvumilia kimya, na siku zikishindwa, hushindwa mlimani.

Sababu ni hesabu. Chukua injini yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 2,000. Gia kubwa, ile ya kuondokea, ikiizidisha mara 12, na difu ikaizidisha tena mara 4, kinachofika kwenye ekseli ni nyutoni-mita 96,000. Nguvu hiyo hukua hatua kwa hatua ikipita kwenye meno ya gia, kwenye krosi za propela na kwenye hafu shafti. Na hapo sizungumzii kuzidisha mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani ya Vigwaza na Mikese huwa imeshalipima lori kabla halijauona mlima.

Klachi ndiyo inayoumia kwanza. Sahani yake, ambayo kwa semi nyingi ina kipenyo cha milimita 430, haichakai sana gari likiwa limeshika mwendo. Inachakaa wakati wa kuondoka, pale injini inapozunguka na magurudumu bado yamesimama, kwa sababu tofauti hiyo ya mwendo yote hugeuka joto. Sasa fikiria foleni ya Kitonga. Lori moja limelala kwenye kona. Nyuma yake malori yanasogea kidogo, yanasimama, yanasogea tena, na kila kusogea ni kuondosha makumi ya tani kwenye mwinuko. Lori moja lililoharibika linaweza kuwaunguzia klachi wengine ambao gari zao zilikuwa nzima asubuhi ile. Dalili zinajulikana: injini inapandisha mlio na mwendo hauongezeki, kisha harufu kali ya kuungua. Dereva akisikia harufu hiyo akiwa bado Ruaha Mbuyuni, anayo nafasi ya kuokoa fedha nyingi. Akiisikia katikati ya mlima, nafasi imeshapita.

Watu wengi wakiuliza gharama huuliza bei ya spea. Hilo ni swali la mwisho. Kwanza gari livutwe. Kisha mzigo ulindwe usiku na mchana. Kama ni mzigo wa kwenda Zambia au Kongo, una lakiri ya forodha na kifaa cha kuufuatilia. Huwezi kuuhamishia gari jingine kwa kuita kreni tu, lazima forodha waruhusu na wasimamie. Kama ni nyanya za Ilula zinazoteremka sokoni Dar es Salaam, hazisubiri kibali cha mtu, zinaoza. Spea ikikosekana Iringa na Mbeya, inatafutwa Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na kupakiwa basi. Siku zote hizo dereva na utingo wanakula, na benki inahesabu. Tuseme mmiliki ana marejesho ya shilingi milioni 6 kwa mwezi: gari likilala siku 10, milioni 2 zimekwenda bila gurudumu kuzunguka.

Kwenye kuvuta gari ndipo hasara ndogo inapogeuka kubwa, na hili nawasihi wenye malori walisikilize. Giaboksi hupata oili kwa sababu shafti zake za ndani zinazungushwa na injini. Lori likivutwa injini imezimwa na propela haijafunguliwa, magurudumu yanazungusha shafti kuu wakati shafti ya pembeni na pampu ya oili vimesimama. Beringi na gia zinasagana zikiwa kavu. Gari liliingia kwenye mnyororo likiwa na klachi mbovu, linafika Ipogolo, Iringa, likiwa na klachi mbovu na giaboksi iliyokufa. Kuifungua propela na kuifunga vizuri isining'inie ni kazi ya spana. Anayesema hana muda wa kazi hiyo anajitafutia bili ya giaboksi.

Halafu gari linafika gereji, na hapo huja kishawishi cha kubadili sahani peke yake. Ili kuifikia sahani, fundi lazima ashushe giaboksi yenye uzito wa kilo mia kadhaa. Kazi kubwa na fedha ya ufundi vimo kwenye kushusha na kupandisha. Kwa hiyo, giaboksi ikiwa chini, badilisha presha pleti na beringi ya klachi, kagua uso wa flaiwili kama una nyufa za joto, na tazama sili ya nyuma ya injini. Sili ni kitu cha bei ndogo, lakini ikivujisha oili kwenye sahani mpya, giaboksi inashushwa tena.

Difu ina hadithi yake. Kraunwili na pinioni hutengenezwa kama jozi, hivyo kubadili kimoja na kubakiza kingine ni kununua mlio na kuvunjika tena. Kwa vichwa vya difu mbili, tazameni matairi. Ekseli moja ikivaa matairi mapya na nyingine vipara, magurudumu hayazunguki sawa, na difu ya katikati inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Inapata joto safari nzima. Vilevile difu loki ni ya tope na utelezi. Ikiachwa imefungwa juu ya lami kavu, inabana shafti na meno hadi kimoja kivunjike.

Na mteremko wa kurudi Dar es Salaam una hatari yake. Dereva anayeweka gia kubwa kisha akakanyaga klachi na kuliacha gari libiringike, anaiacha sahani izungushwe na magurudumu kwa kasi kubwa kuliko ilivyoundwa kuhimili. Sahani inaweza kupasuka vipande. Anayepiga fri kabisa hupoteza msaada wa injini katika kuzuia gari, na breki zinabaki peke yake.

Bima kubwa hulipa ajali. Kuchakaa na kuharibika kwa mitambo kwa kawaida huachwa nje. Bili yote hii ni ya mmiliki. Kwa hiyo, wenye magari, mwambieni dereva kwa maneno ya wazi kwamba anaruhusiwa kusimama Ruaha Mbuyuni akihisi klachi inateleza, na kwamba simu yake siku hiyo haitajibiwa kwa matusi wala kukatwa posho. Na kwa ajili ya wanaokuja nyuma, fundi akimaliza kazi mlimani, ayaondoe barabarani mawe aliyokingia matairi kabla gari halijaondoka.